Oksijeni imepanda hadi 99, mbona mgonjwa anasinzia?

Swali: Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria. Usiku tulipokea mama wa miaka 62 ambaye amebanika samaki kwa kuni tangu usichana wake. Sigara hajawahi kuvuta. Alikuwa anatweta, kifua kinalia filimbi, oksijeni ya damu asilimia 81. Tulimvalisha barakoa yenye mfuko, lita 12 kwa dakika. Baada ya dakika 20 oksimita, kile kifaa cha kubana kidoleni, ikasoma 99, tukamshukuru Mungu. Saa mbili baadaye alikuwa anasinzia, analalamika kichwa, majibu yake hayaeleweki, na oksimita bado inasoma 99. Tulikosea wapi? Na mgonjwa wa aina hii anauguzwaje usiku kucha mpaka kivuko cha Mwanza kiondoke asubuhi?

Jibu: Dada, kumpa oksijeni hamkukosea. Mtu mwenye 81 anayetweta hupewa oksijeni papo hapo, kwa sababu kuikosa huua ndani ya dakika chache. Kosa lilianza pale namba ilipovuka 92 na mtiririko ukabaki palepale. Kwa mama huyu 99 ilikuwa inawaambia kwamba dozi imezidi. Oksijeni ni dawa, ina kiwango cha chini na cha juu, na inaandikwa kwenye chati kama inavyoandikwa gentamaisini.

Miaka mingi ya moshi wa kuni katika banda lisilo na pa kutokea hewa huharibu mapafu kama sigara. Njia ndogo za hewa huvimba, hujaa makohozi, husinyaa. Huo ndio ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule tunaouandika COPD kwenye faili, na kando ya ziwa mgonjwa wake mara nyingi ni mama wa mwaloni (ufukwe wanakoshushia samaki) ambaye hajagusa sigara maisha yake yote. Ndiyo maana swali la "unavuta sigara?" halitoshi wakati wa kumpokea. Uliza: unapikia nini, unabanika samaki kwa miaka mingapi, banda lina kuta ngapi.

Mapafu ya namna hiyo yana sehemu nzuri na sehemu mbovu. Mwili umejipanga: mishipa ya damu inayokwenda sehemu mbovu imejibana, damu ikaelekezwa kwenye sehemu zinazopata hewa. Ukimimina oksijeni nyingi, mishipa ile iliyojibana inafunguka, na damu inarudi kwenye sehemu ambako hewa ukaa (kaboni dioksidi, ile tunayoitoa tukipumua) haina pa kutokea. Ni kama kuyaondoa magari kwenye gati lenye kivuko na kuyapanga kwenye gati ambalo hakuna kivuko kinachofika: foleni ni ndefu, hakuna anayevuka. Juu ya hilo, chembe za damu zikishajaa oksijeni huiachia hewa ukaa iliyokuwa imeshikamana nazo, nayo inabaki kwenye damu. Wengi tulifundishwa sababu moja tu, kwamba oksijeni "inazima hamu ya kupumua". Hiyo nayo ipo kwa kiasi, lakini ukiitegemea peke yake utasubiri mgonjwa aanze kupumua polepole ndipo ushtuke, na huyu anaweza kuwa anahema mara 28 kwa dakika huku hewa ukaa inazidi kupanda.

Hewa ukaa ikijaa, ubongo unalewa. Dalili zake ni hizohizo ulizoziona: usingizi, kichwa kuuma, maneno yasiyopangika. Ziko nyingine mbili unazoweza kuzitafuta kwa mikono yako. Shika mkono wake: unakuwa wa moto, mapigo yanapiga kwa nguvu yakijaa kidole. Kisha mwambie anyooshe mikono mbele, akunje viganja kwenda juu kama anayesukuma ukuta, avishikilie hivyo nusu dakika. Viganja vikianguka na kujirudisha ghafla ghafla, kama mtu anayepunga mkono bila kutaka, hewa ukaa imepanda sana. Oksimita haioni hewa ukaa kabisa. Inapima oksijeni tu, na ndiyo maana ilisoma 99 wakati mama anazama.

Lengo lake, basi, ni 88 hadi 92. Utafiti uliofanyika Tasmania, Australia, ukachapishwa 2010, uliwafuatilia wagonjwa 405 waliobebwa na magari ya wagonjwa wakiwa wanahema kwa shida na wakidhaniwa kuwa na ugonjwa huu. Waliopewa oksijeni nyingi bila kupimiwa walifariki takriban 9 katika kila 100. Waliopimiwa ibaki 88 hadi 92 walifariki 4. Tofauti yenyewe ilikuwa kupima dozi ya oksijeni.

Lakini namba hiyo usiibandike kwa kila anayehema. Kijana mvuvi mwenye nimonia, mgonjwa wa pumu, mjamzito: hao lengo lao ni 94 hadi 98, na kuwanyima oksijeni kwa kuogopa hewa ukaa ni kosa kubwa kuliko hili lenu. Watoto nao wana mwongozo wao. Lengo la 88 hadi 92 ni la mwenye historia ndefu ya kifua cha moshi au sigara, anayekohoa kila mwaka, anayeishiwa pumzi akipanda kilima hata siku ambazo haumwi.

Sasa, ukimkuta keshasinzia ufanye nini? Kwanza usimvue barakoa ghafla na kumwacha hivyo. Hewa ukaa inatoka polepole, oksijeni inashuka haraka, na akivuliwa moja kwa moja anaweza kuporomoka chini ya pale alipoingilia. Mshushe ngazi. Mkalishe wima, mwamshe kwa kumwita jina. Ondoa barakoa yenye mfuko, mara hiyohiyo mwekee mrija wa puani lita 2 kwa dakika, ambayo ni kama asilimia 28 ya oksijeni. Subiri dakika 5 ukiwa hapohapo kitandani. Akiwa juu ya 92, shuka hadi lita 1. Akiwa chini ya 88, panda hadi 3. Kila badiliko lipe dakika 5 kabla ya kugusa tena. Pima sukari, maana usingizi wa sukari kushuka unafanana na huu na tiba yake haichukui muda. Mwite tabibu wa zamu, na simu ya rufaa ipigwe sasa: asipoamka vizuri ndani ya nusu saa hadi saa moja ya kushusha oksijeni na kupata dawa, anahitaji kupimwa gesi za damu na pengine mashine ya kumsaidia kupumua kwa barakoa. Akishuka hadi pumzi chini ya 8, au haitiki hata kwa kubanwa kucha, chukua ambu (mfuko wa kumsukumia hewa kwa mkono), pumzi moja kila sekunde 6, na kati ya pumzi na pumzi subiri kifua kishuke kabisa. Mapafu haya hutoa hewa kwa tabu. Ukikamua haraka yanavimba mpaka moyo unakosa nafasi.

Neno kuhusu vifaa, kwa sababu hapa ndipo makosa mengi hujificha. Mrija wa puani unafaa kwa lita 1 hadi 5. Barakoa ya kawaida isiyo na mfuko haishuki chini ya lita 5 kwa dakika. Ukiiweka lita 2 "ili kupunguza dozi", anavuta tena hewa ukaa aliyoitoa mwenyewe, na unamuumiza kwa njia nyingine. Barakoa yenye mfuko inataka lita 10 hadi 15, na mfuko ujae kabla hujamvalisha. Ukiona unanywea kabisa kila anapovuta, mtiririko hautoshi. Kwenye flomita, kile kipimo cha lita kwa dakika, soma katikati ya kigololi, macho yakiwa usawa nacho. Ukisoma ukiwa umesimama juu yake unajidanganya nusu lita, na kwa mgonjwa wa lita 1 nusu lita ni nyingi. Kama kituo kina barakoa za venturi, zile zenye vishina vya rangi, mwanzieni na ya asilimia 24 au 28 na mfuate mtiririko ulioandikwa kwenye kishina. Hizo ndizo bora kwa huyu, kwa sababu dozi haibadiliki hata akihema haraka.

Chupa ya maji ya kulainisha oksijeni haihitajiki chini ya lita 4. Mkiitumia, iwe maji yaliyochemshwa yakapoa au maji yaliyotoneshwa (distilled water), na yamwagwe kila siku. Maji ya ziwa au ya bomba yaliyokaa siku tatu kwenye chupa hiyo ni kumpulizia bakteria mapafuni. Pua ikikauka paka jeli ya maji. Vaselini na mafuta ya mgando yasikaribie oksijeni, wala vidole vyenye mafuta visiguse kichwa cha mtungi: oksijeni ya shinikizo ikikutana na mafuta hulipuka moto.

Oksimita nayo ina hila zake. Piko na rangi ya kucha hupotosha usomaji. Mama aliyetoka harusini apimwe kidole kisicho na piko au kwenye ndewe ya sikio. Kidole kikiwa cha baridi, kipashe kwanza kwa viganja vyako. Weka kifaa, subiri mpaka namba itulie, angalau nusu dakika, kisha linganisha mapigo inayosoma na yale unayoyahesabu kwa vidole kwenye kifundo cha mkono. Yasipolingana, hata ile namba ya oksijeni usiiandike. Na jambo moja ambalo watengenezaji walichelewa kulisema wazi: kwa ngozi nyeusi oksimita huelekea kusoma juu kuliko ukweli. Uchunguzi wa hospitali za Marekani uliochapishwa 2020 ulikuta kwamba upungufu wa oksijeni uliofichika ulikuwa karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Kwa hiyo ndani ya 88 hadi 92, kama mgonjwa yu macho na anajibu vizuri, ni salama zaidi kukaa 90 hadi 92 kuliko kuning'inia kwenye 88.

Turudi kwenye kifua kinacholia filimbi. Salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, kwa nebulaiza (kifaa kinachoigeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta) ni miligramu 2.5 hadi 5. Ujazo wote ndani ya kikombe ufike mililita 4 au 5, ongeza salini (maji ya chumvi ya hospitali) mpaka hapo. Ukiweka mililita 2 tu, nusu ya dawa inabaki imeganda kwenye kuta za kikombe. Ikiwa ipo ipratropiamu, dawa nyingine ya kufungua njia za hewa, ongeza miligramu 0.5 humohumo. Saa ya kwanza unaweza kurudia salbutamoli kila dakika 20, mara tatu, halafu kila saa 4 hadi 6. Kwa mama huyu endesha nebulaiza kwa mashine ya umeme inayosukuma hewa ya kawaida, huku mrija wa puani wa lita 1 au 2 ukibaki puani. Wengi huunganisha nebulaiza na mtungi wa oksijeni kwa lita 8 na kuisahau hapo. Ni njia nyingine ya kumrudisha kwenye 99. Kama hamna mashine, itumieni oksijeni kwa lita 6 hadi 8 kwa dakika 6 tu, kisha mrudisheni kwenye mrija. Akitetemeka mikono na moyo kwenda mbio baada ya dozi, hiyo ni salbutamoli yenyewe. Mapigo yakipita 140 mwambie tabibu kabla ya dozi nyingine.

Umeme ukikatika, inhela (kichupa cha kupuliza salbutamoli) yenye spesa, yaani chupa ya kushikia dawa kabla haijavutwa, inafanya kazi ileile. Chukua chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita. Pasha waya, toboa kitako cha chupa kwa umbo la mdomo wa inhela, ingiza inhela plastiki ikiwa bado ya moto ili iishike, ziba kwa plasta. Ioshe kwa maji yenye sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa, maana kufuta kunaacha umeme tuli unaonasa dawa ukutani. Tikisa inhela. Mgonjwa aweke midomo kwenye mdomo wa chupa, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi mara 4 hadi 6 humohumo. Ndipo bonyeza tena. Mibonyezo 4 hadi 10, mmoja mmoja. Ukibonyeza mara tano mfululizo dawa zinagongana na kudondoka ndani ya chupa.

Prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe wa njia za hewa, ni miligramu 40 kwa siku kwa siku 5, vidonge 8 vya miligramu 5, vinywewe na uji. Asipoweza kumeza, haidrokotisoni miligramu 100 kwenye mshipa. Antibayotiki apewe ikiwa makohozi yamegeuka rangi, usaha wa njano au kijani, na yameongezeka. Aminofilini, nayo dawa ya kufungua njia za hewa, wengi bado wanaikimbilia, nisingeikimbilia. Faida yake kwa shambulio hili ni ndogo, na ikisukumwa haraka mshipani huvuruga moyo na kuleta degedege. Diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa sababu "anahangaika" ni marufuku: anahangaika kwa kukosa pumzi, ukimtuliza unamzimia hata ile aliyobaki nayo. Na dripu haitibu kuhema. Lita mbili za haraka kwa mama mwenye moyo uliochoka upande wa kulia zinamjaza tu.

Mkao ni dawa isiyogharimu kitu. Asilale chali. Akae pembeni ya kitanda, nyayo zikiwa sakafuni au juu ya kigoda, mbele yake meza yenye mito miwili, aegemeze mikono na kifua hapo, mabega yashuke. Nyumbani inatosha kugeuza kiti na kuegemea mgongo wa kiti. Nyayo zikining'inia, misuli ya tumbo inabaki imekaza na mkao wote unapoteza kazi. Mfundishe kutoa pumzi kwa midomo iliyosinywa kama anayepoza uji: vuta kwa pua ukihesabu mbili, toa polepole ukihesabu nne. Keti ufanye naye. Mgonjwa anayeogopa haelewi maelezo, anaiga uso ulio mbele yake.

Makohozi yakigoma, pumzi tatu za kina taratibu, apumzike, kisha pumzi ya kati na atoe kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, "haaa", kama anayefanya ukungu kwenye kioo. Mara mbili, apumzike, ndipo akohoe. Kukohoa mfululizo bila mpangilio humwacha hoi.

Usiku mrefu unashikiliwa na kuhesabu. Pumzi zihesabiwe dakika nzima, 60, kwa kuangalia kifua au tumbo, mkono ukiwa kwenye mapigo ili asijue unahesabu pumzi. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, kosa la pumzi moja linakuwa nne. Saa ya kwanza kila dakika 15, saa ya pili kila dakika 30, halafu kila saa mpaka asubuhi ikiwa ametulia. Andika pumzi, oksijeni, mapigo, shinikizo la damu, joto, na kama yu macho, anaitika akiitwa, anaitika akiumizwa, au haitiki. Usiandike "SpO2 90" (yaani oksijeni 90) peke yake, kwani haisemi kitu. Andika "90, mrija wa puani lita 2, saa 9:15 usiku". Mgonjwa aliyekuwa 90 kwa lita 1 na sasa ni 90 kwa lita 4 anazidiwa, na chati isiyo na lita itaonyesha mstari ulionyooka.

Kuna hesabu moja inayowadanganya hata wazoefu. Mgonjwa aliyekuwa na pumzi 32, ameshuka hadi 16, ametulia, hasumbui tena. Kabla hujafurahi, mwamshe. Akiamka, akakutajia alipo na akasema sentensi nzima, amepata nafuu. Asipoamka, misuli yake imechoka na ndiyo mwisho wa nguvu. Vivyo hivyo filimbi ikipotea: weka sikio kifuani. Kama hewa inaingia vizuri pande zote, dawa imefanya kazi. Kama kifua kimenyamaza, hakuna hewa inayopita ya kuweza kulia.

Ndugu wa mgonjwa waambiwe mapema, kwa heshima na kwa uwazi. Wanamwona mama yao anahema, wanaona kitufe cha flomita, na mkono wa mtu mwenye uchungu huenda kwenye kitufe muuguzi akipita kitanda cha pili. Waeleze: "Shangazi, kwa mama hewa hii ikizidi inamlewesha. Mkiona anasinzia au anachanganya maneno, niiteni, msiongeze." Bandika plasta juu ya flomita, andika "LITA 2 – USIGUSE". Wape kazi: kumshikia kikombe, kumpangusa uso, kumpungia hewa usoni kwa kipepeo, ambako kweli kunampunguzia hisia ya kukosa pumzi. Chakula kiwe kidogo kidogo, uji vijiko vitano na apumzike, mrija ukiwa bado puani. Choo kiwe cha kitandani au ndoo ya pembeni. Akivuliwa oksijeni kwenda chooni hatua 30, ndiko anakoangukia. Kagua nyuma ya masikio ambako mrija hukata ngozi, weka pamba.

Wakati huohuo usijifunge kwenye ugonjwa mmoja. Mama wa mwaloni anaweza kuwa na kifua kikuu juu ya mapafu ya moshi: kikohozi cha wiki 2 au zaidi, kukonda, jasho la usiku. Mkae karibu na dirisha, yeye barakoa ya upasuaji, wewe barakoa ya N95 inayochuja vijidudu, na makohozi yachukuliwe nje penye upepo yapelekwe kwenye GeneXpert, mashine ya kupima kifua kikuu. Kama mume au mwana anachimba dhahabu Geita, uliza. Vumbi la mawe huongeza hatari ya kifua kikuu. Miguu kuvimba na kushindwa kulala chali kunaelekeza kwenye moyo. Maumivu ya ghafla na upande mmoja wa kifua kukosa hewa kunaelekeza kwenye hewa iliyovuja nje ya pafu. Na hapa ziwani tusisahau kichocho cha tumbo: wengu uliokua, kutapika damu zamani, halafu kuishiwa pumzi; mayai yake hufika kwenye mishipa ya mapafu na kuupandishia moyo mzigo. Andika ulichokiona kwenye barua ya rufaa hata kama huna jibu.

Safari yenyewe ipigwe hesabu kabla jua halijachomoza. Ujazo wa maji wa mtungi, ulioandikwa shingoni, zidisha kwa shinikizo la geji. Mtungi wa lita 10 wenye bar 120 una lita 1,200 za oksijeni. Toa bar 20 za mwisho usizozitegemea, zinabaki 1,000. Kwa lita 2 kwa dakika ni dakika 500, saa 8 na dakika 20. Kwa lita 12 mlizompa ungekuwa dakika 83, ungeisha kabla hamjaona taa za Mwanza. Sasa hesabu safari: kituoni hadi gati la Nansio, kusubiri, saa tatu na zaidi majini, gati la Mwanza hadi hospitali. Weka saa 6. Saa 6 mara dakika 60 mara lita 2 ni lita 720. Ongeza nusu yake kwa dharura, 1,080. Mtungi huo pekee umepungukiwa kidogo, kwa hiyo bebeni wa pili mdogo. Mtungi ulazwe na kufungwa, mbali na injini na wavutaji. Mgonjwa akae, asilazwe sakafuni. Muuguzi aende na ambu, spesa na inhela, mrija wa akiba, oksimita yenye betri mpya. Simu itangulie, iwe hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando huko Mwanza, na sentensi ya kwanza iwe hali yake: umri, anahema mara ngapi, oksijeni ngapi kwa lita ngapi, alisinzia saa ngapi kwa dozi gani. Msifiche ile barakoa ya lita 12. Daktari anayempokea akiijua atajua atafute nini.

Vikombe vya nebulaiza msiviache vikisubiri zamu ijayo: osha kwa sabuni, suuza, loweka kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa dakika 5, suuza kwa maji yaliyochemshwa, anika juu ya kitambaa safi.

Akirudi nyumbani, kumwambia aache kubanika ni kumwambia aache kula. Zungumza naye kuhusu banda. Lifunguliwe pande mbili, paa liinuliwe pengo la kutokea moshi, kuni ziwe kavu kabisa, asiinamie chanja kugeuza samaki bali atumie fimbo ndefu. Na upepo: mchana unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hiyo akae upande wa ziwani wa tanuri, usiku unageuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani, naye ahamie upande wa nchi kavu. Wajukuu wasilale bandani. Mwonyeshe inhela kwa mikono, kisha akuonyeshe yeye, na urudie kila anapokuja kliniki.

Kwenye jalada la daftari lake la kliniki, andika kwa kalamu nyekundu: "COPD. OKSIJENI: LENGA 88–92. ALISINZIA KWA LITA 12." Funika kwa selotepu ili maji yasifute. Atakapoletwa tena kwa shida ya pumzi, pengine kwenye kituo kingine na kwa muuguzi asiyemjua, hilo ndilo atakalolisoma kabla ya kushika barakoa.